Samaki si wa baba peke yake

Hapa kwetu Kitshanga kipande cha makayabo kilikuwa cha baba. Sisi na watoto tulibaki na mchuzi. Sasa tunafanya hivi. Tunaloweka makayabo usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili, ili chumvi ipungue. Asubuhi tunatoa miiba na kukata vipande vidogo. Tunakaanga kwanza makemba yaliyoiva sana, tunayaweka kando. Halafu samaki na kitunguu katika mafuta yaleyale, kisha tunachanganya. Utamu wa makemba unatuliza chumvi, na samaki mmoja anafika kila sahani, hata ya mama mwenye mimba. Wababa walinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili waliomba kuongezewa makemba.