Nafasi ya Milimita Tatu

Vijana wapenzi, wengi wenu mnaendesha pikipiki au mnabebwa nayo kila juma. Nawaandikia juu ya waya mwembamba kuliko kijiti cha kibiriti, ambao ulinifundisha jambo nililokuwa nimekwisha kuambiwa nikakataa kulisikia.

Baba mdogo alipofariki aliniachia Yamaha DT 125, pikipiki ya zamani ambayo injini yake huunguza petroli pamoja na oli. Aliitunza miaka mingi katika barabara za Bukavu, Walungu na Nyangezi. Siku moja niliona kebo ya gesi imechakaa: karibu na kile kichwa kidogo cha chuma kinachoishikilia ndani ya mpini, nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na kusimama kama miiba. Nyuzi zikianza kukatika hivyo hakuna dawa, kebo hubadilishwa. Nilinunua nyingine sokoni, fupi kidogo kuliko ile ya kwanza, nikaifunga mwenyewe.

Fundi mzee wa mtaani kwetu alinikuta kazini. "Mwanangu, uiachie nafasi," alisema. "Mpini uzunguke kidogo kabla waya haujavuta." Niliitikia kwa heshima, na alipoondoka nikakaza nati ya kurekebishia hadi nafasi yote ikaisha. Niliuona ulegevu ule kuwa uzembe. Nilitaka injini iitike papo hapo nigusapo mpini, na kweli iliitika. Kwa siku nne nilijiona fundi.

Siku ya tano nilimbeba mama mdogo, mjane wa yule aliyeniachia pikipiki, kumpeleka Kamanyola. Aijuaye barabara ya Ngomo anajua inavyoteremka kwa kona kali kuelekea bonde la Ruzizi. Katika kona moja ya kushoto nilikunja usukani, mpini nikiwa nimeuachia kabisa. Hata hivyo injini ilipiga kelele na pikipiki ikaruka mbele yenyewe. Nilishika klachi na breki nikiwa nimechelewa. Mlima ulikuwa upande wetu wa kulia, na korongo upande wa kushoto. Ndiyo sababu ninaweza kuwaandikia leo. Tuliangukia mferejini. Mimi nilichubuka magoti. Mama mdogo alivunjika mkono.

Waliokuja kutusaidia waliilaumu barabara. Nyumbani waliulaumu uzee wa pikipiki. Nami nilinyamaza, kwa kuwa lawama zote mbili zilinifaa.

Baada ya juma moja nilimpelekea fundi pikipiki. Hakuuliza kitu. Aliwasha injini, akaiacha ingurume polepole, kisha akaugeuza usukani taratibu kwenda kulia: sauti haikubadilika. Akaugeuza kushoto hadi mwisho: injini ikapaa. Akaunyoosha, ikatulia. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, lakini alinieleza. Kebo ina sehemu mbili, waya wa ndani na ganda la nje. Kebo yangu ilikuwa fupi, nami nilikuwa nimeifunga kwa mpira kwenye fremu. Usukani ulipokunjwa, ilikosa mahali pa kwenda. Ganda likivutwa, matokeo yake ni yale yale ya waya kuvutwa. "Kabureta haijui," alisema, "kama aliyevuta ni mkono wako au ni kona ya barabara."

Kisha aliondoa tangi, akafungua na kifuniko cha pampu ya oli. Chini ya tangi kebo hugawanyika: tawi moja huenda kwenye kabureta, jingine kwenye pampu hiyo, ili injini ikiongezewa petroli iongezewe na oli pia. Tawi la pili sikuwa nimelirekebisha hata kidogo. Alama iliyo kwenye gurudumu dogo la pampu haikulingana na pini yake, na injini ilikuwa ikipata oli pungufu. Kama tungeendelea na safari, pistoni ingeweza kukwama ndani ya silinda.

Tulifunga kebo mpya yenye urefu wake kamili. Tuliipitisha mbele ya shingo ya usukani kwa mkunjo mpana, bila kuibana popote. Tulirekebisha kwanza kabureta, tukaacha nafasi ya milimita 3 hivi ukingoni mwa mpini, ndipo tukalinganisha alama ya pampu. Mwishoni tuligeuza usukani huku na huku, injini ikiwaka: sauti ilibaki ile ile. Mpini ulipoachiwa ulirudi wenyewe mara moja, usukani uwe umeelekea upande wowote.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimwambia kwamba haikuwa barabara wala uzee wa pikipiki. Ni mimi niliyeambiwa nikakaidi. Alikaa kimya kitambo, mkono wake ukiwa bado katika plasta.

"Mkono utapona," alisema. "Ningeumia zaidi kama ningelisikia jambo hili kwa fundi."

Tangu siku ile, kila mwanzo wa mwezi naikagua kebo kutoka mwisho hadi mwisho. Natafuta nyuzi zilizokatika, natazama kama ganda limepasuka au limebanwa, napima nafasi ile ndogo kwa kidole. Sasa najua kuwa nafasi hiyo si uzembe. Ndiyo inayouruhusu usukani kukata kona bila kuiamuru injini jambo ambalo mkono haukulitaka. Aliyeniachia pikipiki alilijua hilo, fundi alilijua, nami ningelijua bila mtu kuvunjika mkono, kama ningesikiliza dakika moja tu.

Mama mdogo bado hupanda nyuma yangu. Ila kabla ya kupanda husimama kando, akaegemeza mkono uliopona kwenye kiti, akasema, "Geuza kwanza, nisikie."

Nami hugeuza, kushoto na kulia, mpaka aridhike.