Jioni Zangu katika Ghuba ya Mwanza

Injini ndiyo iliyonifikisha ziwani. Nilikuwa fundi wa gereji Nyakato, karibu na viwanda vya barabara ya Musoma, na wavuvi walikuwa wakiniletea injini za boti juu ya mikokoteni: pangaboi limenaswa na nyavu, au tundu la maji ya kupozea limezibwa na magugu maji, yale yaliyolivamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku moja tajiri mwenye boti ya watalii aliniita Capri Point nikamtengenezee huko huko, kisha akanitaka nibaki. Nikabaki. Nikawa fundi wa boti, nikawa utingo, nikapata cheti cha unahodha, na mwisho nikawa yule anayesimama mbele ya abiria jioni na kuwaeleza mji wao, au mji wa wenyeji wao.

Mwanza ipo karibu na ikweta, hivyo saa za kazi hazibadiliki sana. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo, nyuma ya vilima vya ng'ambo, upande wa Kamanga na Sengerema. Sisi huondoka saa kumi na moja, baada ya kila abiria kuvaa jaketi la kujiokolea na mimi kukagua kamba zake kwa mkono wangu. Kisha naangalia mawingu. Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha mwisho ni mita 80 na kidogo tu, na maji ya namna hiyo upepo huyachafua upesi sana. Wingu jeusi likisimama, safari inaahirishwa, hata kama mgeni ameshalipa.

Kituo cha kwanza ni Saanane. Hapo huwa napunguza mwendo kuliko penginepo. Kisiwa hiki kilikuwa makazi ya Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, aliyehamishwa mwaka 1964 serikali ilipoamua kufanya pale bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Wageni wengi wanatoka Serengeti, wameshashiba simba na tembo, nami huwaonyesha pimbi wanaoota jua juu ya mawe na furukombe anayeshuka kuchukua samaki. Lakini habari ya mzee huyo huwa siiachi.

Kutoka hapo tunageuka kaskazini hadi Jiwe la Bismarck, ambalo kila mtu analitaka kwenye picha. Wajerumani walifungua kituo chao Mwanza mwaka 1892, wakalipa jiwe jina la Otto von Bismarck, ambaye alikuwa ameshatoka madarakani tangu 1890 na hakuwahi kukanyaga hapa. Naeleza na namna lilivyokaa pale. Itale hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipasuka ingali chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kuila pembe zake, na udongo ulipochukuliwa na mvua yakabaki mawe yamepandana. Ni mawe yale yale yanayobeba nyumba za Mabatini na Igogo. Ukiuliza moyo wangu, jina la Saanane lina haki ya kuwa juu ya maji haya kuliko la Bismarck.

Mbele yake ni Kirumba, soko la Mwaloni, harufu ya dagaa inakufikia kabla hujaona mitumbwi. Tukipita siku za giza, wavuvi wanajiandaa kuondoka na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana za sola. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sana mvuvi hupumzika.

Watu wa mtaani kwangu walikuwa hawapandi boti hii. Bei ilikuwa sababu moja. Sababu kubwa naijua kwa kuwa tunapakana nayo: ukitoka Nyakato kuelekea Kisesa unafika Igoma, na Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa na MV Bukoba. Meli ile, yenye uwezo wa abiria 430, ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba. Walipotea zaidi ya watu 800. Kuna nyumba ambazo tangu mwaka ule mtoto haruhusiwi hata kusogea ufukweni.

Nilimwomba tajiri anipe boti Jumapili moja moja kwa bei ya mafuta, akakubali. Nilianza na majirani. Mama mmoja aliyefiwa na mdogo wake alikaa kimya hadi Saanane, kisha akaniuliza, "Mwanangu, walizama upande gani?" Nikamwonyesha kaskazini, nje ya ghuba. Akaomba tuzime injini, tukazima, akasali. Baada ya hapo aliwauliza watoto kama wameuona mlima wa Bugando na hospitali yake kutoka majini, maana yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuuona hivyo. Kazi yangu yote sijaifanya kwa furaha kama ile ya Jumapili hizo.

Wazazi wa Nyakato, Buzuruga na Igoma, wapelekeni watoto ziwani wakaujue mji wao. Kwanza hesabuni majaketi na watu. Yakipungua hata moja, au nahodha akianza kubembeleza kwamba safari ni fupi, shukeni wote na mdai nauli yenu.