Tezi Iliyokatiwa Neva

Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi, na somo la tezi za mate nilikuwa nalimaliza kwa kipindi kimoja. Nilichora tezi, nikachora neva, nikasema: neva huamuru, tezi hutii. Wanafunzi waliandika, wakafaulu. Leo nimestaafu, na nasikitika kwamba niliwapa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 1864, Claude Bernard wa Ufaransa alieleza jinsi alivyokata neva ya tezi ya mate ya mbwa. Mtu angetarajia tezi ikauke kabisa. Kumbe baada ya siku chache ilianza kutoa mate kidogo kidogo mfululizo, bila chakula wala harufu yake. Karibu karne moja baadaye, Nils Emmelin na wenzake mjini Lund, Uswidi, walilifuatilia jambo hili kwa subira kubwa. Tezi iliyokatiwa neva husinyaa, lakini seli zake huwa nyepesi mno kushtuka. Dawa kidogo ambayo zamani isingeitikisa, sasa huimiminisha mate. Hali hiyo hujengeka polepole, kwa siku na majuma.

Katika uzima, neva humwaga asetilikolini, na vipokezi vilivyo juu ya seli huipokea. Kemikali hiyo haileti amri peke yake. Kwa kuja kila siku, huuweka usikivu wa seli katika kiasi chake. Ikikoma kuja, seli hujitega upya ili inase hata mnong'ono. Emmelin alipowapa wanyama wake pilokapini mara kwa mara, dawa inayoigiza kazi ya neva, wepesi ule ulipungua. Nayo atropini, inayoziba vipokezi pasipo neva kukatwa, ikitumika kwa muda mrefu huleta wepesi uleule. Basi kilichokuwa kikiitunza seli ni ule ujumbe wenyewe.

Hapo ndipo nakifikiria kizazi changu. Sisi tulilelewa na wazee waliosema nasi kila jioni: habari za shamba, za ukoo, za aliyekosa na aliyesamehewa. Mengi tuliyasahau, lakini yalituweka sawa. Tulipokuwa wazazi, tukahamia mijini, tukatoka alfajiri na kurudi usiku. Tulilipa ada, tukanunua sare, tukadhani kazi imekwisha. Jioni zetu zilikuwa kimya.

Sasa tunalalamika kwamba vijana wanashtushwa na kila neno la kwenye simu, kwamba sifa kidogo huwalevya na tusi dogo huwavunja. Tunawaita dhaifu. Najua mtoto si tezi, wala roho haipimwi kwa matone. Lakini mwenye njaa hana miiko, na masikio yaliyonyimwa sauti ya nyumbani hudaka sauti yoyote ipitayo. Kabla ya kumlaumu anayeruka kwa mnong'ono, tujiulize nani alinyamaza.

Mzee mwenzangu, tusiwangojee kwa hotuba ndefu siku ya msiba au ya harusi. Tuseme nao kidogo, kila siku, hata kama ni habari za mvua tu. Neva iliyokatwa ikiota tena na kuifikia tezi, seli hurudi taratibu katika usikivu wake wa kawaida.