Ubao wa Nne

Sataranji huonekana kuwa mchezo wa mtu peke yake. Katika ligi ya timu, hali ni nyingine. Wachezaji wanne huketi safu moja, kila mmoja na ubao wake, na matokeo yao hujumlishwa. Nahodha aweza kumwambia mchezaji wake akubali sare, ila haruhusiwi kutamka lolote kuhusu kete zilizo mezani. Ndugu zetu wa majeshini watauelewa upweke wa namna hiyo.

Hapa Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe mwaka 2004. Phiona Mutesi, aliyetoka katika kundi hilo, aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huu huko Urusi mwaka 2010. Kwa hiyo, nilipopangiwa binti wa shule siku ya mwisho ya ligi, sikumdharau hata kidogo.

Timu yetu iliongoza kwa pointi 2 kwa 1. Nilibaki mimi tu. Kila upande ulikuwa na mfalme na ngome, lakini yeye alinizidi askari mmoja. Nikishindwa, matokeo ni 2 kwa 2, nasi tunashuka daraja. Nilimwomba sare.

"Hapana, mzee, tuendelee," alijibu kwa adabu.

Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mwanamuziki, alieleza namna ya kujikinga hapo. Mfalme wangu nilimsimamisha mbele ya askari yule, katika njia yake. Ngome niliiweka mstari wa tatu kutoka upande wangu, imzuie mfalme wake asisogee mbele. Baada ya hapo mlinzi hana kazi ila kungoja, akienda kushoto na kurudi kulia. (Ni lindo la usiku, kwa kweli.) Askari akiingia mstari huo, ngome hukimbilia mwisho wa ubao na kumshambulia mfalme kwa nyuma, naye hana tena pa kujificha.

Nilikwenda na kurudi hata saa yangu ikabakiwa na dakika mbili. Binti akamtazama nahodha wake, akamsogeza askari. Ngome yangu ikashuka hadi mwisho. Nilimwandama mfalme wake mara tano, akakosa kimbilio.

Akanipa mkono: sare. Kisha akazipanga kete upya, akaniomba nimwonyeshe tangu mwanzo. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupata teksi, nikawaambia watangulie.