Gurudumu la Akiba na Mteremko wa Salgaa



Asiyeijua Salgaa kwa macho ameijua kwa habari zake. Ni kituo cha malori mbele ya Nakuru, katika barabara kuu iendayo Eldoret, na juu yake umelala mteremko mrefu utokao Sachangwan. Hapo Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana Migaa, katika barabara hiyo hiyo, na misiba ikaingia katika nyumba nyingi kwa siku moja. Breki ikikanyagwa mfululizo katika mteremko kama huo hupata moto, na ikizidi moto huacha kushika.

Ni hapo tulipokwama mwaka jana, tukielekea Eldoret kumzika shangazi yetu. Gari tuliazimwa na shemeji. Mpwa wetu ndiye aliyeendesha, na nyuma walikaa mama watoto na binti zetu wawili. Tairi la mbele lilichanwa ubavuni na kipande cha chuma. Tukatoa gurudumu la akiba, likafungwa, nati zikakazwa. Kabla ya kushusha jeki, fundi wa kando ya barabara alilizungusha kwa mkono. Halikuzunguka. Rimu ilikuwa imeegemea kalipa, yaani kile chuma kinachoikumbatia diski na kubana pedi za breki.

Sababu ilikuwa nyepesi. Magurudumu manne ya gari yalikuwa ya inchi 15. La akiba, ambalo mwenye gari aliuziwa baadaye, lilikuwa la inchi 14. Boliti zilikubali, lakini tumbo la rimu lilikuwa dogo kuliko kalipa ilivyotaka.

Kijana mmoja akaleta mashine ya kusagia. “Sheikh, nipunguze kalipa kidogo tu, mtafika maziko.” Mpwa wetu naye akasema, “Mjomba, saa zimekwenda.” Maziko yalikuwa baada ya adhuhuri, na sote twajua kwamba maiti hasubirishwi.

Fundi mzee akamzuia kijana. Akatueleza kwamba ndani ya kalipa mna pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki kwa nguvu kubwa. Ukuta wake ukipunguzwa, waweza kupasuka siku utakapokanyaga kwa hofu. Tukamuuliza kuhusu spesa, kile kibati kinachowekwa nyuma ya gurudumu ili kulisogeza nje. Akasema spesa husaidia pale mikono ya rimu inapogusa uso wa kalipa. Mzingo ukiwa mdogo, hata ukisogezwa nje utaendelea kugusa. Tena spesa hula urefu wa boliti, nati ikabaki imeshika nyuzi chache, isipokuwa boliti ndefu zaidi zimewekwa.

Mama watoto, aliyekuwa kimya, alisema neno moja: “Marehemu ana wa kumzika. Hawa watoto wana nani?”

Tukampigia simu kaka yetu aliyekuwa Eldoret, tukamwomba wasitungoje. Tairi la inchi 15 likaletwa kwa matatu kutoka Nakuru, likavishwa rimu ya asili, na gurudumu likazunguka bila sauti. Tulifika alasiri imeshapita na kaburi limefukiwa. Tulisalia pale kaburini, kama sharia inavyoruhusu. Shangazi ndiye aliyetufundisha alifu na bee, na hatukupata kuushika udongo wake. Jambo hilo lingali zito kwetu. Lakini kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na nafsi tano zilikuwa ndani ya gari lile.

Basi, siku ya mapumziko, gari likiwa nyumbani, pahali tambarare, mwambieni baba au kijana alijaribu gurudumu la akiba mbele na nyuma, kwani mara nyingi kalipa ya mbele ndiyo kubwa. Bandikeni udongo laini wa kuchezea watoto juu ya kalipa, fungeni gurudumu, lizungusheni polepole, kisha litoeni: unene wa udongo uliobaki ndio nafasi iliyopo. Mafundi wengi hawaridhiki na chini ya milimita 3, kwa kuwa chuma hupanuka kwa joto na rimu hujipinda kidogo katika kona. Tazameni pia vile vipande vya uzani vinavyobandikwa ndani ya rimu, visiguse. Nati zikazwe kwa kukingamana, wala si kwa kufuatana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Na mkikodi gari la harusi au la msiba, mwulizeni dereva, kwa adabu, kama gurudumu lake la akiba limewahi kufungwa mbele. Akikosa jibu, mwombeni alijaribu kabla watoto hawajapanda.