Maua ya Mlozi

Huko Ulaya, wakati wa baridi, miti mingi hupukutisha majani yote, ikasimama mitupu kama imekufa. Baridi ikipungua, miti huamka. Mlozi huwahi kuliko mingine: hutoa maua kwanza, majani baadaye. Lakini maua hayo hayakai siku nyingi.

Vincent van Gogh alizaliwa Uholanzi mwaka 1853. Alipokuwa kijana alikaa Borinage, katika Ubelgiji, akiwahubiria Injili wachimbaji wa makaa ya mawe. Baadaye akawa mchoraji. Picha zake za kwanza zilikuwa na rangi za giza, kama udongo.

Mwezi wa pili wa mwaka 1888 alifika Arles, kusini mwa Ufaransa. Alikuta theluji chini, na baada ya siku chache milozi ikachanua. Vincent alijua kwamba maua hayamngoji mtu. Alichora kwa haraka, mashamba ya miti ya matunda, picha zaidi ya kumi, na huku upepo mkali ukimsumbua.

Mtu akipita njiani husema: «Ua hili ni jeupe.» Vincent alitazama vizuri zaidi. Ndani ya weupe aliona wekundu kidogo, na kivuli cha buluu, na rangi ya majani mabichi. Tena alijifunza kuweka rangi jirani: manjano kando ya zambarau, buluu kando ya rangi ya chungwa. Hivyo kila moja huing'arisha mwenzake.

Ndugu yake mdogo, Theo, ndiye aliyempelekea fedha na rangi. Tarehe 31 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1890, Theo alipata mtoto wa kiume, akamwita Vincent. Wakati huo baba mkubwa wa mtoto alikuwa mgonjwa, akitunzwa Saint-Rémy. Hata hivyo alichukua turubai, akachora matawi ya mlozi yenye maua mbele ya mbingu ya buluu. Ndiyo zawadi ya mtoto. Kisha ugonjwa ukamrudia. Alipopata nafuu, maua yalikuwa karibu kwisha, naye akasikitika sana. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule alikufa.

Mtoto alikua, akaitunza picha ile. Leo iko Amsterdam, katika nyumba ya picha iliyofunguliwa mwaka 1973. Wekundu wa maua umefifia kwa sababu ya mwanga, nayo yanaonekana meupe kuliko zamani. Vincent alijua kwamba rangi hufifia. Kwa hiyo aliipaka kwa nguvu.

Mtoto mwema, fungua macho yako. Kazi njema ya leo usiiweke kesho, kwa maana ua halingoji.

Maulizo
1. Mlozi hutoa nini kwanza?
2. Vincent aliona rangi gani ndani ya ua jeupe?
3. Kwa nini alisikitika alipopata nafuu?
4. Tafuta ua moja karibu na shule. Hesabu rangi zake zote.