Kadi Iliyokataa Kukaa

Katika kazi za mikono nilizowahi kuzifanya, hakuna iliyonitoa jasho jingi kwa jambo dogo kama kupachika kadi moja ndani ya kasha la kompyuta. Nasema jambo dogo, kwani upungufu wenyewe haukuzidi milimita mbili. Lakini msomaji atakayenivumilia ataona kuwa milimita mbili zaweza kumnyima mtu usingizi, zaweza kumgombanisha na mtu asiye na kosa, na nusura zipoteze mali ya mjane.

Mwaka 2019 mpwa wangu alipata nafasi ya kusomea uchoraji wa ramani za majengo katika chuo kikuu. Aliambiwa kuwa kazi hiyo yataka kompyuta yenye nguvu, na bei ya kompyuta kama hiyo iliyokwisha kuundwa ilikuwa juu kuliko uwezo wetu. Mama yake, dada yangu mkubwa, ni mjane akaaye Mombasa, naye huuza mahamri na mbaazi kila alfajiri. Mimi ni mwalimu, na kwa kiburi cha mtu aliyesoma vitabu viwili vitatu juu ya jambo nikamwambia, "Dada, nipe hizo ulizo nazo. Nitanunua viungo, nami nitaviunga mwenyewe." Alizitoa fedha katika pindo la leso, akazihesabu mara mbili, akanipa bila ya neno. Laiti angalisema neno, mzigo ungalikuwa mwepesi.

Yafaa nieleze hapa jinsi chombo hiki kilivyo. Kompyuta ya mezani haizaliwi mahali pamoja. Ubao mama, yaani ule ubao mpana ambao viungo vyote hupandikizwa juu yake, hutoka kiwanda kimoja. Kasha la bati hutoka kingine. Kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora yale yaonekanayo kwenye kioo, hutoka cha tatu. Waliovitengeneza hawajaonana, wala pengine hawasemi lugha moja. Kinachowapatanisha ni vipimo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na sloti tano za kadi, zilizoachana inchi moja moja. Ile iliyofuata mwaka 1983 ilikuwa na sloti nane, zikasogezwa karibu zaidi, na tangu hapo umbali uliozoeleka ni milimita 20.32. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza ukubwa wa ubao, mahali pa matundu yake ya skrubu, mahali pa sloti zake, na mahali pa dirisha la nyuma ambamo nyaya huchomekwa. Ubao kamili wa kipimo hicho una milimita 305 kwa 244. Kwa hiyo bati lililokatwa ng'ambo moja ya dunia na ubao uliochapwa ng'ambo nyingine hukutana juu ya meza ya mtu Mombasa, na tundu likaangalia tundu. Mimi huliona jambo hilo kuwa la ajabu kuliko hata hesabu zinazofanywa na kompyuta yenyewe.

Usiku wa Ijumaa nilianza kazi, mpwa wangu akinishikia taa. Alitakiwa kuripoti chuoni Jumatatu. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu mpaka zamu ya kadi ya picha ilipofika. Kadi hii ina ukingo wenye meno ya dhahabu, 82 kila upande, ambayo hutakiwa kuzama yote katika sloti ya urefu wa milimita 89. Na katika ncha yake moja kuna kipande cha bati kilichokunjwa juu, chenye pengo la skrubu, kinachofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa kasha. Niliizamisha kadi, ikazama. Nikatazama bati lake: pengo la skrubu halikulifikia tundu la kasha. Lilikuwa fupi kwa milimita mbili, na tena lilielea juu kidogo ya mahali lilipopaswa kulala.

Hapo nilitenda yale wanayoyatenda wapumbavu wengi. Nilitia skrubu kwa kuilaza, nikaikaza kwa nguvu ili ilivute bati. Bati lilivutika. Lakini kadi ni kama ubao wa pembea: upande mmoja ukivutwa chini, wa pili huinuka. Kitasa kidogo kinachoishika kadi mwisho wa sloti kilifyatuka, na nikaona mstari wa dhahabu umechomoza upande wa mbele. Niliwasha umeme. Feni zilizunguka, kioo kikabaki cheusi. Nilizima, nikaichomoa kadi, nikairudisha, nikaibonyeza kwa viganja viwili hata ubao ukatoa mlio.

"Mjomba," mpwa wangu akasema taratibu, "inalia."

Niliacha. Sikulala usiku ule. Kila nilipofumba macho niliona pindo la leso.

Asubuhi nilikwenda katika duka nililonunua kadi, na mbele ya wateja wawili nilimwambia mwenye duka kuwa ameniuzia kitu kibovu. Nilisema zaidi ya hayo, na sitayaandika. Mwenye duka hakunijibu. Alimpa kadi fundi wake, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya meza na miwani kwenye paji la uso, naye akaipachika katika kompyuta yake. Picha ikatokea mara moja. Wateja walinitazama. Mzee akaichomoa kadi, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu ampaye mwenziwe chai.

"Mwalimu," akasema, "kadi ilipokataa, ubao ulikuwa umekwisha kuukaza?"

Nikajibu kuwa nilikuwa nimeukaza sana.

"Basi umeoza mke kabla ya kumwuliza. Ulegeze ubao wote. Kadi itauonyesha pa kukaa. Kukaza ni mwisho."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilichomoa waya wa umeme, nikagusa bati la kasha ili umeme tuli wa mwilini usije ukaudhuru ubao, nikalilaza kasha ubavu. Kwanza nilibonyeza pembe zake moja baada ya nyingine, kwani kasha kuukuu lililobebwa juu ya pikipiki huweza kuwa limepotoka. Halikuyumba. Kisha niliutoa ubao mama, jambo nililopaswa kulifanya usiku uliopita badala ya kushindana na skrubu moja.

Sababu zilikuwa mbili, nazo zilikuwa zangu zote. Chini ya ubao hukaa vinguzo vya shaba ya manjano ambavyo huuinua usiguse bati. Kimoja, karibu na sloti ile, sikuwa nimekizungusha mpaka mwisho. Kilisimama juu ya wenzake, na ndiyo maana bati la kadi lilielea. Sababu ya pili ilikuwa katika dirisha la nyuma. Dirisha hilo huzibwa kwa bati jembamba lenye vilimi vinavyosukuma kama springi. Vilimi viwili vilikuwa vimekunjika vibaya, vikausukuma ubao mbele kwa milimita mbili, nami nikaukaza ukiwa umesukumwa hivyo. Kadi haikuwa na kosa. Ilisimama pale ambapo sloti iliiambia isimame.

Nilikikaza kinguzo, nikavinyoosha vilimi, nikaurudisha ubao. Safari hii niliziweka skrubu zote tisa, lakini kila moja niliipa mizunguko miwili tu, hata ubao ukaweza kuteleza kidogo. Mpwa wangu aliusukuma kuelekea nyuma, mimi nikaishusha kadi. Ulimi wa bati lake uliingia wenyewe katika uwazi mwembamba kati ya ubao na ukuta, na kitasa kikalia. Nilitazama mstari wa dhahabu: haukuonekana popote. Nilitia skrubu ya kadi kwa ncha za vidole bila bisibisi, nayo ikazunguka. Ndipo nikakaza skrubu za ubao, kuanzia katikati nikienda pembeni kwa kupishanisha, na ya kadi nikaikaza baada ya zote. Halafu nilifanya jaribio ambalo hata leo sikosi kulifanya: niliifungua tena skrubu ile ya kadi ili nione kama bati litaruka. Halikusogea.

Wapo watakaokushauri uchukue tupa ulipanue pengo la skrubu. Mimi sikubali, maana unga wa chuma ukidondoka kwenye ubao huweza kuunganisha umeme pasipotakiwa. Bati la kadi likiwa limepinda kweli, na hutokea, lifungue kutoka kwenye kadi, ulinyooshe kwa koleo pembeni, kisha ulirudishe. Tena kuna kadi za siku hizi zinazozidi kilo moja, ambazo huinama kwa uzito wao hata zikipachikwa sawasawa. Hizo hutaka kigingi cha kuzitegemeza upande wa mbele. Yetu ilikuwa nyepesi.

Tulipowasha umeme kioo kiling'aa. Mpwa wangu hakusema kitu. Alifungua programu yake ya kuchorea, akachora nyumba ya vyumba viwili yenye baraza pana. Mama yake aliitwa kutoka jikoni, akaja na mikono yenye unga, akaitazama nyumba ile kwa muda mrefu. Aliuliza jiko liko wapi.

Jumatatu, baada ya kumsindikiza kijana kwenye basi, nilikwenda dukani na mfuko wa mahamri yaliyokuwa bado ya moto. Nilimwomba radhi mwenye duka, naye akanikubalia kwa kicheko, akamwita mzee, wakala wote wawili. Nilitaka kuomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomtukana mbele ya watu. Nilisimama pale karibu saa nzima nikitazama mlango. Wale wateja wawili wa Jumamosi hawakuja.